Kipande cha Mpira wa Tyubu

Mkolani, Mwanza
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na miguu yako kabla ya jambo lolote. Uvimbe umepungua? Mganga wa zahanati alisema ukikaa uiinue juu ya mto, na mimi ninavyokujua, mto huo utakuwa umempa mgeni aliyekuja kulala. Sisi huku ni wazima. Mama Ester anakusalimu sana, watoto wanakula na kukua, na mimi mikono yangu ni ileile, imejaa oili hata nikienda kanisani.

Shemeji Nyangeta, wewe unayemsomea mama, nakusalimu pia. Nina ombi, nalo nalileta mapema kabla hujafika mbali. Najua jina la mume wako halitajwi humo ndani tangu tulipomzika baba. Na uliniambia mwenyewe nilipokuja mara ya mwisho, kwamba nikiliandika kwenye barua unaliruka, unasoma kama vile halipo, ili mama asikasirike. Nakuelewa, wewe ndiye unayeishi naye. Lakini leo usiliruke. Nimeandika Bwire mahali pengi, na kila nilipoandika Bwire nataka mama asikie Bwire. Mama, usimkatize. Ukisikia mpaka mwisho ukataka kukasirika, nikasirikie mimi.

Habari za huku ni zile za kila siku. Kile kiwanda nilichofanya kazi miaka tisa bado kimefungwa. Walituambia kitapata mwenye mali mpya na watatuita, lakini geti lina kutu na mlinzi analima mchicha ndani ya ua. Siku hizi ukipita mjini utashangaa. Maduka yamejaa spea za kila namna, za Dubai, za Japani, mitumba na mpya, wakati zamani baba alikuwa akitafuta plagi moja mwezi mzima. Vitu vipo, tatizo ni kwamba watu wenye kazi wamepungua. Mimi nashukuru ufundi wa pikipiki niliojifunza baada ya kupunguzwa kazini, ndio unaotulisha.

Sasa nifike kwenye ulichonituma. Lile pikipiki la baba, Dume lake, lilifika salama juu ya lori la dagaa, limefungwa kamba kama ng'ombe wa mnada, na lilinuka dagaa wiki nzima. Vijana wa hapa gereji walilizunguka. Hawajawahi kuona pikipiki ya safari kubwa namna ile, yenye kioo cha mbele na yale masanduku mawili ya pembeni ambayo baba alikuwa akibebea vitabu vya nyimbo. Niliwaeleza kwamba kuna mzungu msafiri aliyetoka nalo kwao akakatiza nchi na nchi, likamshinda kwetu Majita, akamwachia baba kwa sababu baba alimlaza na kumlisha. Wakacheka, wakasema mzungu alimtupia mwinjilisti mzigo. Nilicheka nao. Maskini baba, aliupenda mzigo ule.

Uliniandikia kwamba unataka lipone, likabidhiwe kwa mwinjilisti mpya siku tutakapoweka msalaba wa saruji kwenye kaburi, kwa kuwa unaona miguu haikupi muda mrefu. Kwa hiyo nilianza kazi siku ileile. Nilisafisha tenki, maana miaka mitatu ya kusimama jikoni chini ya gunia si michache. Nilifungua kabureta zote mbili, nikazipuliza. Nikaweka plagi mpya, nikasugua pointi za kupeleka moto kwenye plagi, nikabadili oili iliyokuwa nyeusi na nzito kama uji wa ulezi. Betri nikanunua nyingine. Nilipiga kiki mara nne, ya tano likawaka. Mama, ule mlio! Nilisimama pale, nikaona kama baba yuko nyuma ya nyumba anafunga begi lake la kanzu.

Nilidhani nimemaliza. Nikalipeleka Nyegezi na kurudi, likaenda vizuri. Kesho yake nikajaza tenki mpaka shingoni, nikaelekea Butimba kumwona rafiki yangu anayefundisha chuoni. Sikufika. Lilikohoa mara mbili, likazima. Nikapiga kiki mpaka goti likauma. Nilipochoka nikakaa kando ya barabara, na baada ya muda mrefu nikajaribu tena, likawaka kama halikuwahi kuugua. Kwa wiki mbili ikawa hivyo. Likiwa gereji ni zima, barabarani ni gonjwa. Nikibandua kabureta na kuzirudisha linaenda, nikitoka safari ya maana linazima. Nilibadili koili nikidhani ikipata moto inakufa. Nilibadili koki ya petroli. Jirani mmoja, mama muuza mapanki, yale mabaki ya samaki wa viwandani, aliniambia nisipoteze nguvu, pikipiki iliyomwona mwenyewe akifa haikubali mwingine. Maneno yale niliingia nayo ndani.

Kilichonishangaza ni hiki. Nikitia petroli kidogo, linaenda mbali. Nikijaza, linazima karibu. Mashine gani hiyo inayochoka kwa kushiba?

Alhamisi moja, jua la saa saba, nikiwa nimejaza tenki, lilinizimikia mbele kidogo ya Usagara. Nikaingiwa na shaka kwamba nimeibiwa petroli pale gereji, nikafungua kifuniko cha tenki nitazame. Kikavuta. Sauti ya hewa kuingia, ssss, ndefu, kama mtu aliyezama ziwani akapata kutoa kichwa. Petroli ilikuwepo, imejaa. Nikafunga, nikapiga kiki moja tu, likawaka. Nikaenda mwendo uleule, likazima tena. Nikafungua, likavuta tena, nikapiga kiki, likawaka. Mara ya tatu sikulipanda. Nilikaa kwenye majani pembeni ya barabara, nikakumbuka maneno ya baba mdogo Mafuru siku ya msiba.

Unayakumbuka, mama. Alisema walipomkuta baba amekaa chini, ameegemea gurudumu, tayari amekwisha kutuacha, wao walifungua tenki kutazama kulikoni, na tenki likapumua. Alituambia mbele ya watu wote kwamba ile ilikuwa roho ya ndugu yake ikiondoka. Wazee wakatikisa vichwa. Kisha akasema alinusa mafuta ya taa, wakamwaga petroli yote chini kwa hasira, na hapo ndipo neno la petroli iliyochanganywa likaanza kumtafuta Bwire, kwa sababu petroli ile ilitoka kwenye kibanda cha Bwire pale njia panda, kwenye chupa zake.

Sasa nakuomba uvumilie nikueleze kwa habari ya jikoni. Ulitufundisha mwenyewe tulipokuwa wadogo, kwamba kopo la maziwa ukilitoboa tundu moja maziwa hayatoki, lazima utoboe mawili, moja la kutolea na jingine la kuingizia hewa. Tenki la pikipiki ni kopo lile. Petroli inashuka chini kwenda kwenye injini, na juu kwenye kifuniko pana kitundu kidogo, hata sindano haiingii vizuri, ndicho kinachoruhusu hewa iingie. Kikizibwa, petroli inashuka kidogo, halafu inagoma. Tenki likiwa tupu nusu, ile hewa iliyomo inasaidia, unafika mbali. Likijaa, hewa hamna, unazima karibu. Ukifungua kifuniko hewa inaingia kwa nguvu, unasikia ssss. Hakuna roho pale, mama. Hakuna mafuta ya taa.

Na kitundu kile nilikiziba mimi.

Shemeji, pumua kwanza. Kisha endelea.

Mama, unakumbuka ile Krismasi ya mwisho ya baba nilipokuja likizo? Alikuwa akilalamika kwamba petroli inamrukia kutoka kwenye kifuniko barabara ikiwa mbaya, inalowanisha begi alilolaza juu ya tenki, na kanzu yake nyeupe ya ibada inapata madoa na harufu. Alisema waumini wa mbele wanapiga chafya akiinua mikono kuwabariki. Wewe ulicheka mpaka ukashika mlango. Mimi nikataka kumpa baba zawadi. Wakati huo nilikuwa mtu wa kiwandani, napaka mashine grisi, najiona fundi. Nilichukua kipande cha tyubu ya lori, nikapima kwa kopo la dawa ya viatu, nikakata kwa wembe duara zuri, nikalibandika ndani ya kifuniko. Petroli haikuruka tena. Baba alivaa kanzu, akainusa mkononi, akaniambia, "Masatu, sasa nitahubiri kama mtu aliyeoga." Nililala usingizi mzuri siku ile. Kuuliza si ujinga, lakini ningeonekanaje mimi fundi nikimuuliza mtu juu ya kifuniko?

Toka Krismasi mpaka karibu na Pasaka halikumsumbua, kwa sababu safari zake zilikuwa za karibu, na alizoea kutia chupa mbili tatu tu. Siku ile alikuwa anakwenda mbali, kwenye mkutano wa kanisa Bunda. Akapita kwa Bwire, Bwire akamjazia tenki lote, bure, kwa kuwa ni baba yake. Likamzimikia chini ya kile kilima. Alijua petroli imejaa, ameona ikijazwa kwa macho yake, kwa nini afungue kifuniko? Akaanza kusukuma. Unajua uzito wa Dume, watu wawili wanahema. Na moyo wake unaujua.

Sisemi mpira ulimuua, mama. Daktari alisema moyo, nami nasema moyo. Nasema mpira ndio uliomfanya asukume.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba niliuona mpira ule kila nilipojaza petroli hapa gereji. Ulikuwa palepale, haujachakaa. Nilipouona nilitabasamu, nikasema kazi yangu hii. Nimebadili koili, nimebadili koki, nimebadili kila kilichotengenezwa na wengine. Nilichotengeneza mimi sikukigusa.

Nitakwambia na lingine, ili usinidhanie mtu mwema kuliko nilivyo. Nilipobandua mpira ule sikukuandikia siku hiyo, wala wiki hiyo. Nilikuwa na njia rahisi. Ningeutupa kwenye jiko la mkaa, nikakuletea Dume zima, nikasema ilikuwa pointi, na mwinjilisti mpya angeniombea baraka. Nani angejua? Nilimweleza mama Ester akiwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Alichambua, akatupa mawe mawili, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo huyo Bwire analala wapi siku hizi?" Sikujua. Miaka mitatu, ndugu yangu wa tumbo moja, sikujua analala wapi. Nilikuwa mkubwa, siku ya msiba ilinipasa nisimame niulize tenki lililopumua lilipumua kwa nini. Nilikaa kwenye benchi, nikamwacha mdogo wangu atoke peke yake kabla hata hatujamaliza matanga.

Basi nikaulizia kwa wapakiaji wa barafu pale wanapopokea sangara, nikaambiwa yuko kambi moja ya wavuvi ng'ambo ya Kamanga. Nilijaza tenki mpaka shingoni, kifuniko kikiwa hakina mpira, nikavuka na kivuko. Njia ya huko ni mchanga na mawe. Dume halikuzima hata mara moja, kwenda na kurudi. Nilitamani lizime, mama. Ningepata sababu ya kurudi.

Nilimkuta Bwire anajaza barafu kwenye boti. Amekonda, ana mvi pembeni ya masikio, na mikono yake imechanwachanwa na miiba ya sangara. Alisikia mlio kabla hajaniona. Aliweka koleo chini akasimama tu. Tulisalimiana. Kisha akauliza, "Halijazima njiani?"

"Halijazima."

"Ulitia petroli ya wapi?"

Nikamwambia ya mjini. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia alichotegemea. Hapo ndipo nikatoa mpira mfukoni nikampa, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, hata habari ya kopo la maziwa. Nilipomaliza aliugeuza upande huu na upande ule.

"Kaka," akasema, "mimi siku ile nilimmiminia baba kwa faneli ya mafuta ya taa. Ile nyingine ilikuwa imepasuka. Niliifuta kwanza kwa kitambaa. Miaka mitatu nalala na kuamka nikijiuliza kama niliifuta vizuri."

Basi baba mdogo hakusema uongo, mama. Harufu aliinusa kweli. Lakini ilikuwa harufu ya faneli, na tone lililobaki kwenye faneli haliwezi kuzima pikipiki. Yeye Bwire hakuwahi kujua hivyo. Alipoondoka pale nyumbani bila kujitetea, tukasema ukimya wake ni ushahidi. Kumbe alinyamaza kwa kuwa na yeye alikuwa anajihukumu.

Nilimwambia anitukane. Nilimwambia hata akinipiga sitainua mkono. Aliutazama tena mpira akasema, "Ulikata vizuri. Duara kabisa." Kisha akakaa kwenye ukingo wa boti akalia, nami nikalia, wenzake wakaenda kuvuta tumbaku mbali ili watuachie nafasi. Aliponyamaza aliniuliza kama baba aliifurahia kanzu yake. Nikamwambia alifurahi. Akasema basi vizuri.

Nikamwambia twende nyumbani. Akakataa. Haya ni maneno yake, nayaandika kama alivyoyasema: "Aliyenifukuza si wewe. Ni mama, na alisema jina langu lisitajwe. Siwezi kwenda kwa kuitwa na kaka. Akilitaja yeye, nitasikia." Nyangeta, amekuulizia wewe na watoto mmoja mmoja. Wale dagaa na samaki wakavu wanaofika kila baada ya muda bila barua, ukaambiwa wanatoka kwa msamaria, wanatoka kwake. Nadhani ulijua.

Mama, sikuandikii ili unihurumie. Nataka barua hii isomwe mara ya pili mbele ya baba mdogo Mafuru na wale wazee waliotikisa vichwa. Ndani ya bahasha utaukuta mpira wenyewe. Ushike. Upime kwenye kopo la dawa ya viatu ukitaka. Kisha umpe baba mdogo naye aushike. Lile doa alilopakwa Bwire si lake, ni langu, na mimi nitakuja kulibeba mbele ya kaburi, watu wakiwepo. Msamaha wenu nitauomba kwa kinywa, sio kwa karatasi.

Mwinjilisti mpya mwambie Dume atalipata, maana hiyo ni ahadi yako na baba angefurahi. Nitamfundisha mwenyewe kupima oili kila Jumatatu, kufunga koki akilala, na kutoliacha mvuani. Kifuniko asikiguse. Petroli itamrukia kidogo, asilalamike. Nimemshonea kitambaa cha turubai cha kufunika tenki, na kanzu aiweke kwenye sanduku la pembeni. Laiti ningefikiria hivyo ile Krismasi. Hata sasa nikiona kitambaa kile nashindwa kukaa karibu nacho.

Nisalimie baba mdogo Mafuru, mwambie sina kinyongo naye, alisikia alichosikia. Nisalimie jirani yetu mkunga aliyetuzalisha wote wawili, mimi na Bwire. Nisalimie dada yetu aliyeolewa Murangi akija kukuona, na watoto wa Bwire, uwapake mafuta kichwani kwa niaba yangu. Na yule mzee mlinzi wa kanisa aliyekuwa akifungua geti akisikia tu Dume linapanda kilima, mwambie ajiandae kufungua.

Jumamosi ya wiki ijayo, Mungu akipenda, tutakuja wawili, mimi na Bwire. Hilo la kuja mpaka njia panda amekubali, la kuingia nyumbani hajakubali. Tutazima pikipiki pale njia panda, kilipokuwa kibanda chake, na yeye atakaa hapo juu ya jiwe. Mimi nitakuja mpaka mlangoni kwa miguu. Kutoka mlangoni mpaka njia panda sauti yako inafika, mama. Ulikuwa ukituita tukiwa ziwani tunaoga na tukafika kabla uji haujapoa. Sikuombi umfuate kwa miguu hiyo iliyovimba. Nakuomba usimame mlangoni umwite.

Na kama ni jina linalokutisha, Nyangeta amelisoma tangu mwanzo wa barua hii mpaka hapa. Limetajwa humo ndani, na nyumba haijaanguka.

Ni mimi mwanao, niliyeukata mpira huo,

Masatu